Somo la 9: Mikondo ya Edi katika Viini vya Mashine za Umeme

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:

(a) kueleza mikondo ya edi inavyotokea ndani ya chuma cha jenereta, mota na transfoma;
(b) kueleza kwa nini kiini cha chuma hujengwa kwa mabati membamba;
(c) kutumia kanuni ya upotevu wa nishati katika bati moja;
(d) kukokotoa upotevu huo kwa njia ya vipande, na kupima ukubwa wa kosa lako;
(e) kueleza jinsi ya kukokotoa kiini kizima bila kuichosha kompyuta.

Unachotakiwa kukumbuka kabla ya kuanza

Kanuni ya Faraday: uga wa sumaku unaopita katika kitanzi ukibadilika, volti huzalishwa katika kitanzi hicho. Kanuni ya Lenz: mkondo unaotokana na volti hiyo hupinga badiliko lililouzalisha. Kanuni ya Ohm: mkondo ni volti kugawa kwa ukinzani.

9.1 Kutoka Rusumo hadi Nyakanazi

Mto Kagera unaporomoka Rusumo, pale wilaya ya Ngara inapopakana na Rwanda. Hapo pamejengwa mtambo wa umeme wa maji wenye mashine tatu na uwezo wa megawati 80, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Upande wa Tanzania, umeme husafiri kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Rusumo hadi kituo cha Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo. Kabla ya gridi ya taifa kufika, miji ya Ngara na Biharamulo iliwaka kwa jenereta za dizeli.

Fuata safari ya nishati hiyo. Inaanzia kwenye jenereta, inapita transfoma ya kupandisha volti, inapita transfoma ya kushusha volti, kisha transfoma iliyo juu ya nguzo karibu na shule au zahanati. Kila mashine kati ya hizo ina kiini cha chuma, na uga wa sumaku ndani ya kiini hicho hubadilika mara 50 kwa sekunde. Kila kiini hupata joto. Joto hilo ni nishati ya maji ya Kagera isiyomfikia mtumiaji.

Tupime uzito wa jambo hili. Asilimia 0.1 ya megawati 80 ni kilowati 80. Kama kiasi hicho kingepotea saa zote za mwaka, yaani saa 8,760, tungepoteza:

80 × 8,760 = 700,800 kWh

Ndiyo maana mhandisi huhangaikia hata sehemu ndogo ya asilimia moja. Sehemu ya upotevu huo hutokana na mikondo ya edi, na hiyo ndiyo mada yetu.

9.2 Mikondo ya edi ni nini?

Ukisimama karibu na maporomoko utaona kwamba si maji yote yanayokwenda mbele. Pembeni, maji hujizungusha mahali pamoja bila kufika popote. Mikondo ya edi inafanana na maji hayo. Ni mikondo ya umeme inayojizungusha ndani ya chuma chenyewe, haitoki nje kwenda kwenye nyaya, na kazi yake pekee ni kupasha chuma joto.

Sababu yake ni nyepesi. Chuma cha kiini huchaguliwa kwa kuwa hupitisha vizuri uga wa sumaku, lakini chuma hupitisha pia umeme. Uga unapobadilika, kanuni ya Faraday haiulizi kama kitanzi ni cha waya wa shaba au ni sehemu ya kipande cha chuma. Popote penye njia ya kuzunguka, volti huzalishwa na mkondo hutiririka.

*Angalizo:* Joto la kiini halitokani na mikondo ya edi peke yake. Upo pia upotevu wa histeresisi, unaotokana na kugeuzwageuzwa kwa usumaku wa chuma. Huo haupungui kwa kufanya mabati kuwa membamba, bali hupunguzwa kwa kuchagua aina bora ya chuma. Mtihani ukikuuliza kazi ya mabati membamba, usitaje histeresisi.

9.3 Kwa nini mabati membamba?

Kiini cha mashine ya umeme hakitengenezwi kwa bonge moja la chuma. Hutengenezwa kwa mabati membamba yaliyopangwa pamoja, kila moja likiwa limepakwa kihami umeme, kwa mfano vanishi. Unene wa milimita 0.35 au 0.5 ni wa kawaida katika mashine za frikwensi ya 50 Hz. Mabati hupangwa sambamba na mwelekeo wa uga wa sumaku, ili uga upite ndani ya bati bila kuvuka kihami.

Mpangilio huu hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kitanzi kinachoweza kutokea ndani ya bati jembamba kina eneo dogo, hivyo volti yake ni ndogo. Pili, mkondo hauwezi kuvuka kihami na kuingia bati la jirani.

Madini ya silikoni huongezwa kwenye chuma hicho ili kukuza ukinzani mahususi wake, yaani ukinzani wa kitu chenyewe bila kujali umbo.

Fikiria fundi wa Benaco anayetengeneza upya transfoma ya mashine ya kuchomelea. Akipoteza mabati machache, anaweza kushawishika kujaza nafasi kwa kipande kizima cha chuma, au kuyashika mabati kwa kuyachomelea kutoka ukingo hadi ukingo. Mashine itafanya kazi, lakini itapata joto haraka na kuunguza vihami vya waya. Sehemu inayofuata itakuonesha joto hilo linaongezeka kwa kiasi gani.

9.4 Kanuni ya upotevu katika bati moja

Chukua bati lenye unene d. Uga wa sumaku B unapita sambamba na uso wa bati. Pima umbali x kuanzia katikati ya unene kuelekea usoni, kwa hiyo x huanzia 0 hadi d/2.

*Hatua ya 1.* Chora kitanzi kirefu chenye urefu L, upande mmoja ukiwa umbali x kulia mwa mstari wa kati na mwingine umbali x kushoto. Eneo lake ni 2xL. Kwa kanuni ya Faraday, volti yake ni 2xL mara kasi ya kubadilika kwa B.

*Hatua ya 2.* Njia ya mkondo ina urefu wa karibu 2L, kwa kuwa ncha zake ni fupi sana. Gawanya volti kwa urefu huo upate volti kwa mita:

E = x × (kasi ya kubadilika kwa B)

Kwa hiyo katikati ya bati E ni sifuri, na usoni ni kubwa kuliko kote.

*Hatua ya 3.* Joto katika kila mita ya ujazo ni E²/ρ, ambapo ρ ni ukinzani mahususi. Tunahitaji wastani wa x² kuanzia 0 hadi d/2, nao ni d²/12. Kama B hubadilika kwa mfumo wa saini, wastani wa mraba wa kasi yake ya kubadilika ni 2π²f²B², ambapo B sasa ni kilele cha uga na f ni frikwensi.

*Hatua ya 4.* Zidisha:

P = π²B²f²d² ÷ (6ρ), kwa wati kwa kila mita ya ujazo (W/m³).

Angalia B, f na d: zote zimepandishwa kwenye kipeo cha pili. Ukiongeza unene mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Ukiongeza mara tatu, huongezeka mara tisa.

Mfano wa 1. Bati lina unene wa milimita 0.5, ρ = 4.8 × 10⁻⁷ Ωm, B = 1 T na f = 50 Hz. Tafuta P.

*Jibu:* d = 5 × 10⁻⁴ m, hivyo d² = 2.5 × 10⁻⁷.

P = (9.87 × 1 × 2,500 × 2.5 × 10⁻⁷) ÷ (6 × 4.8 × 10⁻⁷) = 2,142 W/m³

Kama kila mita ya ujazo ya chuma hiki ina kilo 7,650, upotevu ni wati 0.28 kwa kilo moja.

9.5 Kukokotoa kwa njia ya vipande

Katika bati moja tulipata jibu kwa kanuni. Lakini mashine halisi ina meno, mifereji na kona, na hakuna kanuni moja inayoieleza yote. Hapo hutumika kompyuta. Kompyuta hugawa kitu katika vipande vidogo, hukokotoa kila kipande, kisha hujumlisha. Tujaribu njia hiyo kwenye bati ambalo jibu lake tunalijua, ili tuone kosa lake.

Upande wa kulia wa bati unafanana na wa kushoto, kwa hiyo kokotoa nusu tu. Tayari umeokoa nusu ya kazi. Iite nusu hiyo h, yaani h = d/2. Igawe katika vipande n vilivyo sawa, chukua nukta ya katikati ya kila kipande, tafuta (x/h)², kisha tafuta wastani. Jibu kamili la wastani huo ni 1/3.

Mfano wa 2. Tumia n = 5.

Nukta za kati ni 0.1, 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9.
Miraba yake ni 0.01, 0.09, 0.25, 0.49 na 0.81. Jumla ni 1.65.
Wastani = 1.65 ÷ 5 = 0.33.
P = 2,142 × (0.33 ÷ 0.3333) = 2,120 W/m³ kwa kukadiria. Kosa ni asilimia 1.

Jedwali linaonesha matokeo ya n nyingine.

| Vipande (n) | Wastani wa (x/h)² | P (W/m³) | Kosa |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.2500 | 1,606 | 25% |
| 2 | 0.3125 | 2,008 | 6.25% |
| 5 | 0.3300 | 2,120 | 1% |
| 10 | 0.3325 | 2,136 | 0.25% |
| Jibu kamili | 0.3333 | 2,142 | – |

Soma jedwali kwa makini. Kutoka n = 5 hadi n = 10, kazi imeongezeka mara mbili na kosa limepungua mara nne. Lakini jiulize: je, unaihitaji faida hiyo? Kama thamani ya ρ uliyopewa yenyewe ina wasiwasi wa asilimia 2, kutoka kosa la asilimia 1 hadi asilimia 0.25 hakukupi ukweli zaidi. Ukokotoaji bora ni ule unaosimama usahihi unapotosha.

9.6 Kiini kizima: mtego na njia ya kuukwepa

Sasa tuchukue kiini cha mfano. (Namba hizi ni za zoezi, si vipimo vya mashine za Rusumo.) Mabati yamepangwa hadi urefu wa mita 1. Kila bati lina unene wa milimita 0.5, kwa hiyo yako 2,000. Uso wa kila bati tumeugawa katika miraba 10,000, na unene wake katika vipande 10.

*Njia ndefu.* Kokotoa kila kitu:

2,000 × 10 × 10,000 = vipande 200,000,000

Tukitaka kufuata uga kwa hatua 100 katika kila mzunguko mmoja wa umeme, tunahitaji kukokotoa thamani 20,000,000,000. Huu ndio mtego: wembamba uleule unaookoa umeme ndio unaolemea kompyuta.

*Njia fupi.* Tumia mambo matatu unayoyajua tayari.

(i) *Mabati yanafanana.* Mbali na miisho ya kiini, linalotokea katika bati la 700 ndilo linalotokea katika bati la 701. Kokotoa bati moja, kisha zidisha.

(ii) *Upana na unene vinatenganishika.* Bati ni jembamba sana ukilinganisha na upana wake. Kwa hiyo kwanza tafuta B katika kila mraba wa uso, ukichukulia kiini kama kitu kimoja kisicho na mikondo ya edi. Halafu, ndani ya kila mraba, shughulikia unene peke yake kama tulivyofanya katika 9.5, kwa vipande 5 vya nusu bati. Vipande ni 10,000 × 5 = 50,000. Vimepungua mara 4,000.

(iii) *Kwa unene tunayo kanuni.* Palipo na bati jembamba na uga wa mfumo wa saini, huhitaji hata vile vipande 5. Weka B ya mraba katika kanuni ya 9.4, zidisha kwa ujazo wa chuma, kisha jumlisha. Zimebaki hesabu 10,000.

Kama sehemu za mashine zinajirudia kuzunguka mhimili wake, unaweza kukokotoa sehemu moja tu, na kazi ikapungua tena.

Mfano wa 3. Kiini kina mita 1 ya ujazo yenye B = 1.6 T na mita 1 ya ujazo yenye B = 0.8 T. Tumia P = 2,142 W/m³ kwa B = 1 T. Tafuta upotevu wote.

*Jibu sahihi:* 2,142 × 1.6² + 2,142 × 0.8² = 2,142 × (2.56 + 0.64) = 6,854 W

*Jibu la kosa:* Wanafunzi wengi huanza kwa kutafuta wastani wa B, yaani 1.2 T, kisha huandika 2 × 2,142 × 1.2² = 6,169 W. Wamepoteza wati 685. Joto hufuata mraba wa B, hivyo tafuta mraba kwanza, wastani baadaye.

9.7 Njia fupi inapokataa

Njia fupi ina masharti. Mtahini hupenda kuyauliza.

*Bati likiwa nene.* Mikondo ya edi nayo huzalisha uga unaopinga uga wa mwanzo, kwa kanuni ya Lenz. Bati likiwa nene, uga husukumwa kuelekea usoni na B hailingani tena katika unene wote. Kipimo chake ni kina cha kupenya:

δ = √(ρ ÷ (πfμ))

Hapa μ ni upenyezo wa sumaku wa chuma. Kwa ρ ya Mfano wa 1, f = 50 Hz, na μ mara 5,000 ya upenyezo wa ombwe, δ ni karibu milimita 0.7. Bati la milimita 0.5 ni jembamba kuliko δ, hivyo kanuni inafaa. Ukiitumia kwa bati la milimita 5, itakupa jibu kubwa zaidi ya mara mbili ya lililo sahihi.

*Miisho ya kiini.* Mwanzoni na mwishoni mwa kiini cha jenereta, sehemu ya uga huingia kwa kuutoboa uso wa bati badala ya kupita sambamba nao. Hapo mikondo huzunguka katika upana wote wa bati, na wembamba hausaidii. Sehemu hizo ni lazima zikokotolewe kwa vipande vya pande tatu. Mhandisi mwenye busara hutumia njia fupi katikati ya kiini na njia ndefu miishoni tu.

*Vihami vikiharibika.* Mabati yaliyogusana kwa kuchomelewa, kwa kutu au kwa ukingo uliokatwa vibaya huwa kama bati moja nene. Kompyuta haitajua hilo usipoiambia.

9.8 Makosa ya kawaida katika mtihani

1. Kusahau kubadili milimita kuwa mita. Kwa kuwa d ni ya mraba, jibu huwa kubwa mara milioni moja.
2. Kuandika kwamba mabati huondoa mikondo ya edi. Huipunguza tu.
3. Kupanga mabati kwa kukingama na uga. Hupangwa sambamba nao.
4. Kutumia wastani wa B badala ya wastani wa B².
5. Kutumia kanuni bila kulinganisha d na δ.

9.9 Muhtasari

Uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mikondo inayojizungusha ndani ya chuma. Upotevu wake hufuata mraba wa uga, wa frikwensi na wa unene wa bati. Kugawa chuma katika mabati huokoa nishati. Kukokotoa kila bati hupoteza muda, hivyo kokotoa moja kwa uangalifu, sambaza jibu katika mabati yanayofanana nalo, na tenga pembeni yale yasiyofanana nalo.

Zoezi la 9

1. Eleza sababu mbili zinazofanya bati jembamba lipunguze mikondo ya edi. (alama 4)
2. Katika Mfano wa 1, bati la milimita 0.5 limebadilishwa na la milimita 0.35. Tafuta P mpya. (alama 3)
3. Kiini kina mabati 100 ya milimita 0.5. Mabati mawili yanayopakana yamegusana kabisa. Upotevu wa kiini kizima umeongezeka kwa asilimia ngapi? (alama 5)
4. Rudia Mfano wa 2 kwa n = 4. Tafuta P na asilimia ya kosa. (alama 5)
5. Transfoma ndogo ndani ya chaja ya simu hufanya kazi kwa 50 kHz. Kwa bati na uga uleule, upotevu ungekuwa mara ngapi ya ule wa 50 Hz? Kwa nini chaja hutumia kiini cha feraiti badala ya mabati? (alama 5)

Majibu

1. Eneo la kitanzi ni dogo, hivyo volti inayozalishwa ni ndogo. Kihami huzuia mkondo kuvuka kwenda bati la jirani.
2. (0.35 ÷ 0.5)² = 0.49; P = 2,142 × 0.49 = 1,050 W/m³.
3. Mabati mawili yamekuwa bati moja la milimita 1, lenye upotevu mara 4 kwa kila ujazo. (98 + 2 × 4) ÷ 100 = 1.06. Ongezeko ni asilimia 6.
4. Nukta za kati: 0.125, 0.375, 0.625, 0.875. Wastani wa miraba ni 0.3281. P = 2,108 W/m³; kosa ni asilimia 1.6.
5. (50,000 ÷ 50)² = mara 1,000,000 kwa kanuni ya 9.4. Feraiti ina ukinzani mahususi mkubwa mno kuliko chuma, hivyo mikondo ya edi ndani yake ni midogo hata kwa frikwensi kubwa. (Kwa frikwensi hiyo δ ya chuma ni ndogo sana kuliko unene wa bati, hivyo namba hii ni ya kulinganisha tu. Ukiyataja haya umeonesha kwamba 9.7 umeielewa.)